Choo kinavuja: maswali mnayoniuliza kila siku na majibu yake

Nimeyakusanya haya maswali kwasababu yanajirudia sana, na kwasababu mimi mwenyewe nililipa bili za maji miezi mitatu mfululizo huku maji mengi yanapita chooni tu usiku na mchana bila mtu yeyote ndani kujua. Fundi wa kwanza niliyemuita akaniambia ning'oe choo chote ninunue seti mpya, kumbe shida ilikua raba moja ya duara inayoenea kwenye kiganja cha mkono. Toka siku hiyo nimeshafungua tenki la dada yangu, la majirani zangu watatu na la mama mwenye nyumba, na karibu mara zote imekua ni raba, uchafu au boya limekaa vibaya. Kwahiyo kuna kitu nitakirudia humu mpaka mtanichoka: kabla hujanunua kifaa chochote jua kwanza maji yanatokea wapi.

Naongelea zaidi choo cha kukaa, hivi vyenye tenki la kauri nyuma na batani mbili juu yake, maana ndo vimejaa kwenye nyumba zetu hapa Dar. Cha kuchuchumaa nimekiwekea swali lake huko chini.

Mbona sioni maji sakafuni, nitajuaje kama choo kinavuja?

Hapa ndo wengi tunapopotea. Choo kinavuja kwa njia mbili, kuna kuvujia nje ambako unaona maji sakafuni, na kuna kuvujia ndani, yani maji yanatoka kwenye tenki yanaingia kwenye sinki la choo taratibu yanapotelea shimoni na wewe huoni kitu chochote. Hii ya ndani ndo mbaya kwasababu inaweza kuendelea mwaka mzima.

Dalili zake: unasikia tenki linajijaza lenyewe kama dakika moja hivi alafu linanyamaza wakati hakuna mtu aliyeingia chooni, hasa usiku nyumba ikitulia. Au ukiangalia ukuta wa nyuma wa sinki unaona kamstari ka maji kanateleza, au kuna alama ya kahawia au kijani inayoshuka kutoka juu hata ukisugua inarudi pale pale baada ya wiki. Weka kipande cha tishu kikavu kwenye ukuta ule wa nyuma juu ya usawa wa maji, kikilowa kutokea juu ujue tenki linavujia ndani.

Kipimo kizuri zaidi ni rangi. Chukua rangi ya chakula, ile ya kupikia keki au ubuyu, weka matone kadhaa ndani ya tenki alafu usifulashi, kaa nusu saa. Ukirudi ukakuta maji ya kwenye sinki yamekua na rangi, jibu umelipata, tenki linavujia ndani. Usiku kabla ya kulala ni muda mzuri wa kufanya hivi ila rudi uangalie kabla mtu mwingine hajaingia.

Nimeweka rangi imeonyesha kweli inavuja, sasa nitajuaje ni raba ya chini au ni boya?

Swali zuri sana hili na ndo linalookoa hela. Fungua mfuniko wa tenki uuweke chini mahali salama (usiuegemeze ukutani, ni kauri, ukianguka umekwisha na mfuniko peke yake kuupata dukani ni kazi). Ndani utaona vitu viwili vikubwa. Upande mmoja kuna boya, hilo ndo linaloingiza maji na kuyafunga tenki likijaa. Katikati kuna mashine yenyewe ya kufulashia, ile inayobonyezwa na batani, na ndani yake au pembeni yake kuna kibomba kimesimama kiko wazi juu, hicho ni cha ovafloo, kazi yake maji yakizidi yaingie humo yateremke kwenye sinki badala ya kumwagika sakafuni.

Sasa angalia maji yako usawa gani. Kama yamefika mdomoni mwa kibomba cha ovafloo na yanaingia humo, shida ni boya, halifungi. Maji yanatakiwa yaishie chini ya huo mdomo kama sentimita mbili na nusu hivi.

Kama maji yako chini ya mdomo, piga alama na penseli ndani ya tenki pale maji yalipofika, funga ile koki ndogo ya ukutani inayoingiza maji kwenye tenki (mafundi wanaiita ango valvu), alafu subiri nusu saa. Maji yakishuka chini ya alama basi yanatokea chini, raba ya mashine imechoka au ina uchafu. Yakibaki pale pale basi raba iko vizuri, rudi ukaliangalie boya.

Na kuna hii ambayo wengi hawaijui: maji yakishuka alafu yakasimama sehemu moja hayashuki tena, tundu liko kwenye usawa huo huo yaliposimama. Mara nyingi ni ufa kwenye kibomba cha ovafloo. Jirani yangu alibadilisha raba mara mbili bila mafanikio, tukaacha maji yashuke yasimame yenyewe ndo tukaona plastiki imepasuka pembeni.

Kubadilisha raba ya chini nafanyaje, mimi sijawahi kushika spana

Hii hata spana haihitaji kwenye vyoo vingi. Funga ango valvu, fulashi ili tenki liishe maji, yaliyobaki kidogo kausha na kitambaa au sponji. Kama batani iko kwenye mfuniko utakua umeshaitoa na mfuniko wake, ukiinua mfuniko ukaona umeng'ang'ania usivute kwa nguvu, kuna pete inayozunguka batani, izungushe kushoto ifunguke kwanza.

Ile mashine ya katikati ishike mwili wake kwa mkono mmoja uizungushe robo mzunguko kwenda kushoto, utasikia imeachia, alafu inyanyue yote juu. Kiti chake kinabaki kwenye tenki, wewe unatoka na mashine. Igeuze uangalie chini yake, utaona raba ya duara, laini, kawaida nyeupe, nyekundu au nyeusi. Hiyo ndo inayozuia maji. Ichunguze, ukikuta ina mstari wa kukatika, imejikunja, imekua ngumu, au ukiishika inaacha weusi kwenye vidole basi imekufa.

Ila kabla hujaenda dukani ioshe kwanza na sabuni ya maji uisugue taratibu kwa vidole, na upapase kile kiti cha plastiki kilichobaki kwenye tenki ambapo raba inakalia, pitisha kidole mzunguko mzima. Mara nyingi utakuta kachanga au ukoko wa chumvi, safisha pale kwa kitambaa na siki. Usikwangue na kisu, ukikiwekea kiti mikwaruzo hata raba mpya haitaziba. Rudisha, jaribu tena na rangi. Kwangu mimi nusu ya vyoo nilivyofungua vimepona hapa hapa bila kununua chochote.

Ikigoma, chukua raba ya zamani uende nayo mkononi. Usiende na maelezo ya mdomo, saizi ni nyingi, ukienda bila sampuli utarudi na isiyoingia. Na kwa dharura, wakati unasubiri kwenda dukani, kuna raba ambazo unaweza kuzigeuza upande wa chini uje juu zikazuia kwa siku kadhaa.

Usipake mafuta ya mgando wala grisi ya gari kwenye raba. Nasema hivi kwasababu nimeshakuta fundi amepaka ili iteleze vizuri. Mafuta ya petroli yanaivimbisha raba na kuiharibu, kama unataka kitu cha kulainisha tumia sabuni ya maji tu.

Boya halifungi maji, yanapitiliza kwenye ovafloo

Kwanza angalia kama boya linacheza huru, wakati mwingine limegusa ukuta wa tenki au limekwama kwenye mashine ya katikati, ukilisogeza tu linafanya kazi.

Kisha rekebisha usawa. Maboya ya siku hizi ni kikombe cha plastiki kinachopanda na kushuka, pembeni kina kijiti chenye nyuzi kama za skrubu, ukikizungusha na bisibisi au kwa vidole unashusha usawa wa maji. Zungusha kidogo, acha lijae, angalia, zungusha tena. Vile vya zamani vyenye mkono wa shaba na mpira wa duara mwishoni unakunja ule mkono kidogo kuelekea chini. Na ule mpira ukiutikisa ukasikia maji ndani yake umetoboka, hauelei tena, badilisha.

Umeshusha usawa na bado maji hayakatiki? Basi ndani ya kichwa cha boya kuna karaba kadogo kamechoka au kuna mchanga. Na hapa Dar mchanga ni ishu kubwa, mnajua wenyewe maji yakikatika siku tatu alafu yakarudi yanakujaje, yale ya mwanzo ya kahawia yote yanaingia kwenye boya. Funga ango valvu, fungua kichwa cha boya (vingi unabonyeza na kuzungusha kushoto), weka kikombe kimefunikwa juu yake, alafu ufungue ango valvu kidogo kwa sekunde chache maji yasukume uchafu utoke. Bila kikombe utaoga wewe na ukuta. Pia pale fleksibo (ule mpira wenye waya nje unaoleta maji kutoka ango valvu) inapoingia kwenye boya kuna kachujio kadogo ndani, katoe ukasafishe, choo kikijaa polepole sana mara nyingi ni hako kameziba.

Siku hizi maji yakirudi baada ya mgao, mimi sifulashi na maji ya kwanza tena, nafungulia bomba la nje kwanza mpaka yatoke meupe ndo nafungua ya chooni.

Kinavuja usiku tu, mchana kiko sawa, kuna nini?

Presha. Usiku watu wengi wamelala, maji ya mtaani yanakua na nguvu zaidi, boya lililochoka ambalo mchana linazuia kwa shida usiku linashindwa. Kwa mtu ambaye choo chake kinakula maji ya mtaani moja kwa moja hii inatokea sana. Suluhisho la haraka ni kuipunguza ango valvu, usiiache wazi yote, igeuze mpaka tenki lijae taratibu. Suluhisho la kweli ni karaba ka boya.

Kinyume chake kipo pia. Wenye simtanki juu ya kinara, presha yenu ni ndogo, kila mita moja ya urefu inakupa kama baa 0.1 tu (baa ni kipimo cha presha), kwahiyo simtanki la mita tatu juu ya choo linatoa baa 0.3 hivi. Boya lililotengenezwa kwa presha kubwa likiwekwa hapo linajaza polepole mno au halifungi vizuri. Unaponunua mwambie muuzaji maji yako yanatoka simtanki.

Hivi kweli choo kinaweza kupandisha bili kiasi hicho au DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) wananionea?

Tupige hesabu pamoja. Tuseme tenki linapoteza lita moja kila dakika kumi, kitu ambacho ukiangalia kwa macho hukioni kabisa. Hiyo ni lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku, kwa siku thelathini ni lita 4,320. Uniti moja ya mita ni lita 1,000, kwahiyo umelipia uniti nne na kidogo za maji ambayo hakuna aliyeyagusa. Na kama boya halifungi vizuri na maji yanateremka kwenye ovafloo robo lita kila dakika, ni lita 360 kwa siku, karibu uniti 11 kwa mwezi. Kwa familia yenye watu wanne hapo bili inaweza kuruka vibaya sana.

Alafu hatusemi hili la pili, yale maji yanaenda wapi? Shimoni. Wengi wetu hatuna mfumo wa maji taka wa mtaa, tuna shimo letu nyuma ya nyumba, na ukishaliingizia uniti kumi za ziada kila mwezi linajaa kabla ya wakati, unaita gari la kunyonya. Kwahiyo raba moja unailipia mara mbili, kwenye bili na kwenye gari. Kwa wale mnaoishi maeneo ya chini ambako ardhi yenyewe imejaa maji, Jangwani huko na kwingineko, hili sio jambo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Kujua kama ni choo au ni bomba la chini ya ardhi: funga koki zote ndani hata ango valvu ya choo, usitumie maji, angalia mita, kuna kinyota au kipembe kidogo kinachozunguka. Kama una simtanki funga kwanza koki inayoliingizia maji, la sivyo mita itazunguka kwasababu tanki linajaza. Kinyota kikizunguka baada ya hapo, bomba la kati ya mita na nyumba lina tatizo. Kikitulia, maji yanapotelea ndani ya nyumba au baada ya simtanki, hapo rudi chooni ufanye ile ya rangi.

Maji yanaonekana sakafuni nyuma ya choo, nianzie wapi?

Kausha kila kitu kwanza. Kausha kabisa, tenki kwa nje, mabomba, sakafu. Alafu chukua gazeti au tishu utandike chini na kuzunguka kila kiungo, usifulashi, subiri robo saa. Tishu inayolowa kwanza ndo inakuambia.

Ikilowa bila kufulashi, maji yanatoka upande wa maji safi: ango valvu, fleksibo, nati ya boya au bolti za chini ya tenki. Ikilowa tu ukifulashi, shida iko kati ya tenki na sinki, au chini kabisa pale choo kinapoingia kwenye bomba la inchi nne.

Fleksibo inavuja, fundi amezungushia tredi tepu nyingi lakini bado

Kwasababu tredi tepu (ile tepu nyeupe nyembamba ya kuzungushia nyuzi za bomba) haina kazi pale. Ndani ya nati ya fleksibo kuna karaba ka duara, hako ndo kanakoziba, sio zile nyuzi. Ukijaza tepu nati haifiki mwisho na karaba hakakaliki vizuri, unazidi kuvujisha. Toa tepu yote, angalia karaba kama kapo na kako zima, kaza kwa mkono mpaka mwisho alafu ongeza robo mpaka nusu mzunguko kwa spana basi. Ukiendelea kukaza unapasua nati ya plastiki ya boya.

Tepu inatakiwa pale ango valvu inapoingia ukutani, hapo nyuzi ndo zinaziba. Zungusha kufuata upande unaokazia, ukiweka kinyume inajikunja inatoka wakati unafunga. Hapo weka nyingi kidogo, tepu za madukani ni nyembamba, mizunguko mitatu haitoshi.

Fleksibo ikionyesha kutu kwenye zile waya za nje, usiizungushie chochote, badilisha. Ikipasuka ukiwa kazini utakuta nyumba ni bwawa. Sisi tunaotumia maji ya kisima yenye chumvi waya zinakula haraka, kwahiyo angalia mara kwa mara, na kama una uwezo nunua yenye nati za shaba au stinlesi ya kweli. Chukua sumaku ndogo uende nayo dukani, sumaku ikishika kwa nguvu kwenye waya tia shaka.

Maji yanatoka kati ya tenki na sinki nikifulashi

Pale katikati kuna raba kubwa nene kama andazi lenye tundu, na bolti mbili zenye washa za raba. Kama ni matone kwenye bolti, jaribu kukaza kidogo kwa zamu, kushoto nusu mzunguko, kulia nusu mzunguko, tenki likae sawa. Tafadhali msitumie nguvu, kauri haipindi, inapasuka, na ikipasuka umenunua tenki jipya. Mimi nakaza kwa mkono mmoja tu nikiwa nimeshika spana karibu na kichwa chake ili nisizidishe.

Ikiendelea, funga maji, maliza maji ya tenki, fungua fleksibo, fungua bolti, nyanyua tenki (mpate wawili, ni zito na linateleza), badilisha raba kubwa na washa zote mbili kwa pamoja. Usibadilishe moja ukaacha nyingine, utarudia kazi yote baada ya miezi. Bolti zikiwa zimeshika kutu zisizofunguka, kata na msumeno wa chuma taratibu, kati ya nati na tenki, ila kwanza zungushia kitambaa ili msumeno usikwaruze kauri.

Yanatoka chini ya choo kabisa, nimeshauriwa nizibe kwa silikoni au simenti nyeupe kuzunguka

Usizibe. Naomba sana usizibe kabla hujajua kinachovuja, haya sio maji safi, haya ni maji ya choo. Ukiziba kuzunguka unakua umeyafungia chini, yataingia chini ya taili, kwenye ukuta, na kama uko ghorofani yatamtokea jirani wa chini kwenye dari lake na hapo inakua kesi nyingine.

Kinachovuja hapa kawaida ni kiungo cha mdomo wa choo na bomba la inchi nne. Huku kwetu kiungo hicho ni raba nene ya kuvalisha, wengine wanaiita pani konekta, au kwenye nyumba za zamani wamefunga kwa simenti tu na simenti imepasuka kwasababu choo kinachezacheza. Ndio maana kwanza kaa juu ya choo ujitikise, kama kinacheza skrubu za chini zimelegea au zimeliwa na kutu. Dawa ni kutoa choo, kuweka konekta mpya, kukirudisha kikiwa kimetulia, kisha ndo unapaka silikoni pembeni na kuacha upenyo mdogo nyuma, ili siku kikivuja tena ukione mapema.

Hii kazi mimi nimeifanya mara moja nikiwa na mtu anayejua. Kama hujawahi mwite fundi bomba, simama hapo hapo uone anachofanya. Na kabla ya kushika kitu chochote vaa glovu, kisha sakafu yote isafishwe kwa Jik iliyochanganywa na maji, watoto wasikanyage hapo mpaka pakauke. Usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi au siki, inatoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu, na chooni hakuna hewa ya kutosha.

Nikiamka asubuhi nakuta maji kwenye sinki la choo yamepungua, tenki liko sawa

Hiyo ni tofauti na yote hapo juu. Maji yale ya chini ndo yanazuia harufu ya shimo kuingia ndani, yakipungua utasikia harufu na hata mende wanapita. Inaweza kua kuna kitambaa au nywele zimening'inia kwenye kona ya ndani zinavuta maji kama utambi wa taa, piga pampu ya choo kwa nguvu zitoke. Au bomba la hewa halipo au limeziba, kwahiyo jirani akifulashi anavuta maji yako, hii ipo sana kwenye nyumba za kupanga zilizounganishwa vyoo vingi kwenye bomba moja. Au sinki lina ufa ndani, hapo hakuna gundi, ni kununua jingine.

Cha kuchuchumaa chenye tenki juu ukutani je?

Ndani ya tenki ni yale yale, boya na raba. Tofauti ni kile kibomba kirefu kinachoshuka, kinavuja sehemu mbili, juu kwenye nati na chini pale kinapoingia kwenye sinki ambako kuna raba ya kuvalisha. Ya chini inachoka haraka kwasababu watu wanakishika kibomba wakiinuka. Badilisha raba na ufunge kibomba ukutani kwa klipu kisitikisike.

Shatafu inadondosha maji muda wote

Bunduki ya shatafu haijatengenezwa kubeba presha siku nzima. Kila ukimaliza kutawadha funga ile koki ya ukutani kwanza, ndo ubonyeze kidogo kutoa presha iliyobaki kwenye mpira. Ukiiacha wazi raba yake inakufa na siku moja mpira unapasuka hamko nyumbani. Wafundisheni na wageni na watoto.

Zile dawa za kuweka ndani ya tenki ili choo kinukie, ni sawa?

Zile zenye klorini zinakaa na raba saa 24 na zinaila, raba inakua ngumu inapasuka kabla ya wakati. Tumia za kuning'iniza kwenye sinki, sio za kutumbukiza kwenye tenki.

Mimi ni mpangaji, nani anagharamia?

Angalieni mkataba wenu kwanza. Kwetu tulikubaliana na mama mwenye nyumba vitu vidogo kama raba na fleksibo ni vya mpangaji, vikubwa kama sinki lenyewe au bomba la chini ya sakafu ni vya kwake. Kabla ya kununua mpigie picha na video umtumie, mwambie "mama, choo kinavuja hapa, nataka kununua raba, nitakutumia risiti", usimshtukize mwisho wa mwezi unakata kodi. Na kwenye nyumba zenye mita moja wapangaji watano, choo kimoja kinachovuja kinalipiwa na wote, ugomvi mwingi wa "nyie mnafua sana" unaanzia hapo. Siku moja ya jumamosi kila mtu aweke rangi kwenye tenki lake kwa wakati mmoja, mtajua ni cha nani bila kunyoosheana vidole.

Niwe na vitu gani nyumbani?

Spana malaya moja (ile unayoipanua na kuibana), bisibisi ya nyota na ya bapa, tredi tepu, glovu, rangi ya chakula, tochi, na raba moja ya akiba inayoingia kwenye mashine yako. Raba hiyo ukishajua saizi yake nunua mbili, moja ifunge kwenye mfuko uibandike ndani ya kabati la chooni na tarehe uliyobadilisha ile nyingine.

Na ango valvu ifungue na kuifunga angalau kila baada ya miezi michache hata kama hakuna shida, maana ikikaa miaka bila kuguswa inashika, na utaijua imeshika siku fleksibo imepasuka. Ikishashika usiilazimishe kwa spana, nenda kafunge koki kubwa ya nyumba au ya simtanki, kwahiyo leo kabla hujalala muulize yeyote anayejua iko wapi, nenda kaione kwa macho yako na umuonyeshe na binti wa kazi.